Mkono Niliouambia Uende

Sikuombi uniamini. Wanawake wa avenue yetu, mtaa wetu huu, walishaamua zamani: wengine wanasema nimelogwa, wengine wanasema mimi ndiye mlozi, na wote wananisalimia vizuri tu asubuhi. Lakini wewe hunijui na huna kesi na mimi, kwa hiyo nitakueleza ilivyokuwa bila kutia chumvi. Mimi nasema, mdogo wangu Masika anaandika, na kila nikisita ananitazama kuona kama nitabadilisha neno. Sibadilishi. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Mabanga, mjini Goma, katika nyumba ya mbao ambayo mpaka leo tunalala ndani yake.

Na usisubiri usiku wa manane wala sauti ya bundi. Ilikuwa mchana, saa kumi hivi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Mimi ni msusi wa nywele. Nilikuwa. Nilianza kusuka Butembo kabla sijavunja ungo, nikaja Goma na mume, mume akashika njia yake, vidole vikabaki. Vidole hivyo vilinilisha, vikamlisha na Masika, vikaezeka na nyumba mabati. Nilikuwa nasuka mistari midogo mpaka mteja anashika kichwa anauliza kama nimechora na kalamu. Nilikuwa nasuka huku nabishana, huku nacheka, huku nachungulia nani anapita barabarani na nani. Usione najisifu. Mtu akikisifu kitu chake kilichokufa, hayo si majivuno.

Vita vilipoingia mjini, bomu moja lilipotea njia likaanguka nyuma ya nyumba zetu. Sitakusimulia bomu, kila mtu wa Goma ana lake la kusimulia. Hospitali nilikuta watu wamelala mpaka kwenye ngazi. Nilipoamka, mkono wa kulia ulikuwa umekatwa juu kidogo ya kifundo. Niliuliza umewekwa wapi. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi, kinafungwa kitambaa na kuzikwa kwa heshima, na mtu anasema maneno mawili matatu juu yake. Muuguzi alikuwa amechoka, macho mekundu, akaniambia umeenda pamoja na vingine. Wapi? Hakujua. Masika alitaka kwenda kuutafuta, nikamwambia aache, watu wanatafuta maiti nzima hawazioni.

Sasa sikiliza vizuri. Mkono ulikatwa, lakini haukuondoka. Kama hujakatwa hutaelewa, ila nitajaribu. Niliendelea kuusikia pale pale, vidole vyote, umekunja ngumi, kucha zinachoma kiganja. Usiku niliamka nikitaka kuukunjua, nikashika hewa. Maumivu yalikuwa ya kweli kabisa. Halafu likaja jambo lingine: nikinawa uso, vidole visivyokuwepo vinalowa. Nikigusa shavu hapa, karibu na mdomo, nasikia mtu amenishika kidole gumba. Nikinywa chai ya moto, ule mkono unapata joto. Nilijua nimeshakuwa kichaa, nikanyamaza, nikaogopa hata kumwambia Masika.

Aliyenitoa woga ni kine, yule kijana anayefundisha waliokatwa viungo kutumia miili yao upya. Alinipapasa uso kwa pamba, huku macho yangu yamefungwa, nami nikamtajia kidole baada ya kidole. Hakushangaa hata kidogo.

"Mama, kichwa yako ni sawa muji," aliniambia. "Kila kiungo iko na parsele, kiwanja yake, mule ndani. Parsele ya mukono inapakana na ya uso. Mukono imeenda, parsele imebaki bule. Sasa wee ni mutu wa Goma. Ukiacha parsele bule, jirani anafanyaka nini?"

"Anaruka ukuta," nilimjibu.

"Vwala. Uso imeruka ukuta. Haiko uchawi. Na wee ukitumikisha mukono ya kushoto kila siku, nayo itakuya kujenga pale. Ubongo inafataka kazi. Pale kuko kazi, inaenda."

Nilicheka siku ile, mara ya kwanza tangu bomu. Kumbe ubongo nao una wavamizi wa viwanja! Nikaanza kazi. Mkono wa kushoto ulikuwa mjinga, nakuambia, mjinga kabisa, ulikuwa haujawahi kufanya lolote zaidi ya kumshikia mwenzake kitana. Nilijifunzia kwenye kichwa cha Masika, maskini, akatembea na vichaka wiki kwa wiki. Halafu nikagundua kitu ambacho hata kine hakunifundisha. Kusuka kunataka mikono miwili, mmoja wa kushika na mwingine wa kupitisha. Cha kushikia sikuwa nacho. Siku moja nikashika fungu la nywele kwa midomo, na midomo ikajua. Naomba uniamini hapa. Midomo ilijua unene wa fungu, ilijua limekazwa kiasi gani, ilihesabu nywele kama vidole vilivyokuwa vinahesabu. Nikisuka hivyo, na ule mkono uliopotea ulikuwa unakunjua ngumi kidogo, kama mtu anayesikia anaitwa kazini.

Basi nikarudi kusuka. Mteja anakaa chini kwenye kigoda, katikati ya magoti yangu, amenigeuzia mgongo, nami nainama juu yake na nywele zake mdomoni. Unajua watu walisema nini. Mwanamke anayeweka nywele za watu mdomoni! Hapa kwetu mtu akisukwa anaokota mpaka unywele wa mwisho ulioanguka, anaenda kuuchoma kwake, kwa sababu mwenye nywele zako anaweza kukufanya anavyotaka. Wakasema natafuna roho za wateja. Wakasema ndiyo sababu bomu halikuniua.

Masika ndiye aliyetafuta dawa ya maneno hayo. Tukaweka desturi, na kila mteja aliijua. Ukimaliza kusukwa, unaokota nywele zako zote, unafungua kiganja mbele yangu, unauliza, "Nachukua?" Mimi naangalia kiganja, nafungua mdomo uone kwamba hamna kitu, nasema, "Enda nayo." Hapo hakuna atakayesema nimebaki na kitu chake. Wakaanza kurudi mmoja mmoja. Kwanza wasiokuwa na pesa ya kwenda kwingine, halafu wale wa udaku, halafu wa kawaida.

Mwisho akaja mama wa Furaha, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwanamke mzito wa kanisa ambaye akikubali kitu, avenue nzima inakubali. Binti yake Furaha alikuwa anaolewa Jumamosi. Alitaka nimsuke bibi harusi mimi, siyo saluni za mjini. "Wee ndiye ulimusukaka akiwa mutoto," alisema, "wee ndiye utamutoa kwangu." Unaelewa maana yake? Kichwa kile kingepita kanisani mbele ya watu wote, na baada yake hakuna ambaye angeniita mlozi tena. Ningekuwa msusi kama zamani, kwa mkono mmoja na mdomo. Furaha alitakiwa kuja Ijumaa asubuhi. Lakini Alhamisi akaja mteja mwingine.

Masika alikuwa ameteremka sokoni Kituku, kando ya ziwa, kununua sambaza, wale samaki wadogo, na mvua ikamfungia huko. Ilikuwa ile mvua yetu inayoteremka kutoka mlimani na kugeuza barabara kuwa uji mweusi, bati linapiga kelele mpaka husikii unachofikiri. Umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa nimewasha mbabula, jiko la makaa, kwa ajili ya maji ya moto ya kuchovyea ncha za meshi, zile nywele za bandia. Nikainua macho, nikaona mwanamke amesimama mlangoni.

"Mama, uko nasuka leo?"

"Ingia, mvua itakumaliza," nilimwambia.

Akaingia. Alikuwa amejifunga kikwembe, kitenge cha kahawia, mpaka mabegani, mkono mmoja umefichwa ndani yake, kama watu wanavyofanya wakisikia baridi. Uso wake? Ndiyo, niliuona. Nimeshaulizwa mara nyingi, na kila mara najaribu. Ulikuwa uso wa mama wa kawaida, ndivyo ninavyoweza kusema, na zaidi ya hapo hakuna. Alisema ametoka mji wa Kiwanja, amekimbia kama wengine. Alisema ameelekezwa kwangu.

"Banasema uko nasukaka na mudomo."

"Banasema mingi," nilimjibu. "Kaa."

Akakaa kwenye kigoda, akanigeuzia mgongo. Na hapo ndipo ningepaswa kusimama. Alikuwa ametoka kwenye mvua ile, na kichwa chake kilikuwa kikavu. Nilikigusa, kikavu, hata kikwembe kikavu. Nikajiambia pengine alikuwa amejikinga kwa jirani. Mtu anapotaka kazi, hakosi maelezo.

Nikachambua nywele, nikachukua fungu la kwanza, nikaliweka mdomoni. Halikuwa na harufu. Wewe hujasuka watu, kwa hiyo hujui kwamba hakuna kichwa kisicho na harufu. Kuna cha moshi wa makala, kuna cha mafuta, cha jasho, cha homa, cha mtoto anayenyonya. Mimi ningeweza kukutajia jirani zangu nimefumba macho. Hiki kilikuwa hakina kitu, wala ladha, kama kuuma hewa. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeshaanza kupitisha, na mstari ulikuwa unakuja vizuri, vizuri kuliko siku zote. Nikaendelea.

Kwenye mstari wa pili nilianza kuusikia mkono wa kulia. Siyo kama kawaida, siyo ngumi na kucha. Ulikunjuka. Vidole vilinyooka kimoja kimoja, vikashika nywele. Nilisikia nywele katikati ya kidole cha shahada na gumba, nilisikia joto la ngozi ya kichwa chini yake. Nikaachia mdomo. Nikaangalia. Pale mbele ya kigutu changu, mahali ambapo hapana kitu, fungu la nywele lilikuwa limesimama hewani, limekazwa, limeshikwa. Mkono wangu wa kushoto ukapitisha, na kule upande mwingine kukapokea.

Je, nilikimbia? Nilipiga kelele? Sikufanya hivyo. Nililia kwa furaha. Nilisuka kwa mikono miwili, ndugu yangu. Nilikuwa nimesahau ilivyo tamu. Mistari ilikuwa inateremka yenyewe kuelekea shingoni, na mimi machozi yananidondoka juu ya mgongo wa mtu nisiyemjua. Kama ungekuwa wewe ungefanya nini? Nimejiuliza kama ningesimama pale, na jibu ni kwamba hata leo nisingesimama.

Bila kugeuka, akaniuliza, "Mukono inakuumaka, mama?"

"Inaniuma kila siku."

"Hata sasa?"

"Sasa hapana. Lakini ukienda itaniuma tena. Usiku ndiyo mbaya zaidi." Nilikuwa naongea kama mlevi, maneno yanatoka tu. "Nimechoka nayo. Kama kungekuwa mutu wa kuichukua, ningemupa na aksanti juu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Nikamaliza mstari wa mwisho. Nilisimama kumwendea mbabula, maji yalikuwa yanachemka na kumwagika juu ya makala, mvuke umejaa chumba. Nilikuwa nimemgeuzia mgongo, najifuta machozi kwa kikwembe changu, najisemea kwamba kesho nitamsuka Furaha kwa mikono miwili na avenue nzima itanyamaza. Nyuma yangu nikasikia ameinuka. Nikasikia ile sauti ya kawaida ya kila mteja.

"Mama, nachukua?"

Na mimi, kwa mazoea, bila kugeuka, bila kuangalia kiganja, nikasema, "Enda nayo."

Ndipo nikageuka. Alikuwa mlangoni, ametoa mkono wake wa kulia kwenye kikwembe, ameunyoosha kwangu, kiganja wazi. Hakikuwa na hata unywele mmoja. Na mkono ule ulikuwa wangu. Usiniambie ilikuwa giza. Mtu anajua mkono wake. Ukucha wa gumba umepasuka katikati, tangu nilipoupiga na mchi nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Alama nyeupe ya maji ya moto katikati ya vidole viwili. Kidole cha kati kimepinda kidogo kwa sababu ya miaka na miaka ya kukaza nywele. Ulikuwa umekaa vizuri mwishoni mwa mkono wa mtu mwingine, bila mshono, ila rangi ilikuwa tofauti kidogo. Vidole vilicheza, kama vinanipungia. Halafu ule mkono ukarudi ndani ya kikwembe, na mwanamke akatoka kwenye mvua.

Nilitaka kuita. Midomo haikufunguka.

Na unajua nini kilifuata? Kimya. Upande wangu wa kulia ukanyamaza kabisa. Ngumi hakuna, kucha hakuna, maumivu hakuna. Nilikaa chini nikisubiri yarudi, hayakurudi. Masika alipoingia amelowa chepechepe na sambaza zake, alinikuta nacheka peke yangu.

"Yaya," aliniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "uko nacheka nini?"

Nilimuuliza kama amekutana na mama mwenye kikwembe cha kahawia. Alisema barabara yote ni tupu, hata pikipiki hazipiti. Akaangalia sakafu, akasema ajabu, umesuka na hakuna hata unywele chini. Nilimwambia ninayokuambia wewe. Akafanya ishara ya msalaba, akatia chumvi kwenye mlango, lakini mimi nilikuwa nimeshalala. Nililala usiku mzima kama mtoto. Nakuambia ukweli, usiku ule nilikuwa mwenye furaha.

Asubuhi chai ilinitoka mdomoni. Nilidhani nimeshika kikombe vibaya. Nikajaribu tena, ikamwagika kifuani, na sikusikia moto. Nikagusa shavu langu: hakuna vidole, hakuna kitu, kama kugusa mbao. Nikashika kitana kwa mkono wa kushoto na kitana kikaanguka. Nikakiokota, kikaanguka. Mkono ulikuwa hai, wenye joto, unakunja na kukunjua, lakini haukujua kitana ni kitu gani.

Furaha alikuja kama tulivyopanga, pamoja na mama yake na mashangazi. Alikaa kwenye kigoda. Nilijiambia kazi ikianza mkono utakumbuka. Nikashika nywele zake. Sikiliza, sikusahau kusuka. Kichwani niliona mistari yote, ningeweza kukueleza hatua kwa hatua. Vidole ndivyo havikujua. Vilizunguka kwenye nywele za yule msichana kama vya mtu anayetafuta kitu gizani. Nikaweka fungu mdomoni na midomo ikaliachia, pamoja na mate, yakamdondokea bibi harusi shingoni. Mashangazi walisimama. Furaha peke yake ndiye aliyebaki amekaa, anasema polepole, "Jaribu tena mama, jaribu tena, sina haraka." Nilijaribu mpaka nikamwumiza.

"Hapana neno, mama," alisema mama yake, na akamwinua binti yake kwa mkono. "Tutatafuta fasi ingine. Usilie."

Hawakusema neno baya. Ingekuwa afadhali wangesema. Waliokota nywele zote sakafuni, wote wanne wameinama, na hakuna aliyenifungulia kiganja.

Kine alinipima vizuri. Alinichoma sindano, alinigonga na kanyundo, alinivuta vidole. "Mukono ni muzima, mishipa ni mizima," alisema. Kwanza aliwaza ni mshipa umepasuka kichwani, halafu akaona mguu hauna shida, na macho, na maneno yangu yanaburuta tu kwa ajili ya midomo. Nilimweleza yule mwanamke. Hakunicheka, ana adabu. Alisema, "Tuanze tena, mama. Ubongo inafataka kazi. Umeshafanya hivi mara moja, utafanya tena."

Tukaanza tena. Na hapa ndipo kuna jambo ambalo ni baya kuliko mkono kwenye kikwembe. Ninajifunza, halafu hakuna kinachobaki. Leo nitashika kijiko, nitakula nacho, Masika atapiga makofi. Kesho asubuhi mkono unakitazama kijiko kama mgeni. Kila siku ni siku ya kwanza. Mvua zimepita, kiangazi kimepita, mvua zimerudi, na mimi niko pale pale. Kine alikuwa anakuja hata nyumbani, bure. Siku moja, ameshika mkono wangu, akasema kitu ambacho nadhani alijuta kukisema. Alisema ile parsele ya mkono haikuwa tupu siku zile zote. Mkono uliopotea ulikuwa bado unakaa mule ndani, na midomo na kushoto walikuwa wapangaji wake. Maumivu yalikuwa ni mwenye nyumba anatembea. Sasa mwenyewe ametoka, na hakuna wa kumfungulia mtu mlango. Hajarudi tangu siku hiyo. Simlaumu, na yeye ni binadamu, ana wagonjwa wanaopona.

Kazi ya mkono wangu nimeiona mara moja. Kanisani, mwanamke aliyekaa mbele yetu alikuwa amesukwa mistari, na kila mstari ulianzia nyuma ya sikio ukizunguka, namna ambayo hakuna anayeifanya isipokuwa mimi. Masika alimuuliza nani amemsuka. Alisema ni mama mmoja, alikuja mwenyewe mlangoni wakati wa mvua, sura yake haikumbuki. "Lakini ule mukono yake!" alisema. "Ule mukono unajua kazi." Mimi nililia Misa nzima, kwa wivu, siyo kwa woga. Mkono wangu unasuka, unazeeka, unapata alama mpya, na mimi siko nao.

Masika ananilisha. Ananivua, ananiosha, ananivalisha, halafu anaenda kuuza samaki ili tuishi, kazi ambayo anaichukia. Alikuwa na mchumba Rutshuru. Mchumba alichoka kusubiri. Ananiambia nisitaje hilo, lakini ameliandika.

Kwa hiyo wewe uliyekatwa kitu, na mko wengi sasa katika mji huu, nisikilize mimi na si mwingine. Kile kinachokuuma pale pasipo na kitu, kikiuma, lia, tukana, kunywa dawa kama unayo, mwamshe mtu akukandekande. Lakini usiseme unataka kiende. Usiliseme hata kwa utani, hata kwa mama mpole aliyekugeuzia mgongo. Kikikuuma ujue bado una kitu mule ndani, na juu yake unaweza kujenga. Mimi changu nakiita kila usiku. Masika akishazima taa, nakaa nimenyoosha kigutu hewani, nasema rudi, njoo unichome, kunja ngumi unavyotaka. Nasubiri mpaka asubuhi, na sisikii kitu.